"Mwachie Mungu" ni hatua ya tatu

Mtu akifiwa, akifukuzwa kazi, au akiachwa na mchumba wiki tatu kabla ya harusi, karibu kila anayekuja kumpa pole atamwambia neno lilelile: mwachie Mungu. Ataambiwa kanisani, ataambiwa na shangazi, ataandikiwa kwenye kundi la WhatsApp. Naye anajaribu. Anapiga magoti, anasema Bwana nakuachia, anainuka, na kabla hajafika mlangoni kifua kimebana vilevile. Hapo anajitwisha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza: anajiona hana imani.

Imani anayo. Alichoruka ni hatua mbili zinazotangulia. Kitu usichokishika huwezi kukiachia, na hisia nzito haishikwi kwa mawazo. Hushikwa pale ilipo, yaani tumboni, kooni, kwenye taya, mabegani.

Ipo sala inayofundisha hatua hizo kwa mpangilio wake. Hapa nitaiita Sala ya Kukaribisha. Chanzo chake ni Mary Mrozowski, mwanamke mlei wa Brooklyn, New York, aliyefariki mwaka 1993. Alikuwa mmoja wa watu wa karibu wa Thomas Keating, mmonaki wa Kitrapisti, shirika la Kikatoliki la watawa wa ukimya, aliyekuwa abati, yaani mkuu, wa monasteri ya Spencer, Massachusetts, kuanzia 1961 hadi 1981. Katika miaka ya 1970 Keating na wamonaki wenzake wawili, William Meninger na Basil Pennington, walianza kuwafundisha waumini wa kawaida namna rahisi ya kusali kwa ukimya, jambo ambalo wengi walidhani ni la watawa peke yao. Mwaka 1984 ikaundwa Contemplative Outreach, taasisi inayoendeleza mafundisho hayo hadi leo. Mrozowski aliona kwamba watu wanakaa kimya dakika 20 asubuhi, wanatoka wametulia, na saa nne mtu mmoja kazini anawavuruga siku nzima. Akatafuta sala inayofanya kazi hapohapo kwenye vurugu. Alichota kwa Keating, na kwa Jean-Pierre de Caussade, padri Mjesuiti wa Ufaransa wa karne ya 18 aliyefundisha kujikabidhi kwa Mungu katika dakika uliyomo, si ile iliyopita wala ijayo.

Kutoka kwa Keating lipo fundisho moja ambalo bila hilo sala hii haieleweki. Alisema kila mtoto huzaliwa na mahitaji matatu: kuwa salama, kupendwa na kuthaminiwa, na kuwa na uwezo juu ya mambo yake. Ni mahitaji halali. Lakini palipopungua utotoni, tunakua tukiendelea kudai kwa nguvu, bila kujua kwamba tunadai. Hisia kali ya ghafla mara nyingi ni alama kwamba moja ya hayo matatu limeguswa. Hasira unayomshushia kondakta aliyekurudishia chenji pungufu huwa haitokani na zile shilingi mia mbili.

Hatua ya kwanza: kuzama mwilini

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa hiyo nitakaa hapa kwa kirefu.

Simamisha kwanza unachofanya. Kama una simu mkononi, iweke kifudifudi. Kaa kwenye kiti au ukingo wa kitanda, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, mgongo umenyooka lakini haukukakamaa, mikono juu ya mapaja. Kukaa mkekani ni sawa pia, ila miguu isikunjwe kiasi cha kufa ganzi, maana ganzi hiyo itachanganyika na unachotafuta. Macho si lazima kuyafumba. Yaelekeze sakafuni, hatua moja au moja na nusu mbele yako. Kwa mtu mwenye hofu, macho wazi ni bora.

Vuta pumzi kwa kuhesabu nne, itoe kwa kuhesabu sita. Fanya hivyo mara tano tu. Pumzi inayotoka taratibu hupunguza kasi ya moyo, kwa sababu wakati wa kutoa pumzi neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi kifuani na tumboni, huubana moyo breki. Usiendelee zaidi ya hapo. Wapo wanaogeuza pumzi kuwa kichaka cha kujifichia: wanahesabu dakika kumi, wanatulia, na hisia iliyowaleta haikuguswa. Kesho inarudi. Pumzi tano zinatosha kukufikisha mlangoni.

Sasa pita mwilini kuanzia juu kwenda chini: paji la uso, taya, koo, shingo ya nyuma, mabega, kifua, sehemu ya juu ya kitovu, tumbo la chini, viganja, nyayo. Kila mahali kaa kama sekunde kumi. Ni vituo kumi, kwa hiyo haifiki hata dakika mbili. Hutafuti maana, unatafuta mahali penye nguvu kuliko pengine. Ukipapata, acha kuzunguka, baki hapo.

Halafu jiulize maswali ya fundi, si ya hakimu. Pana ukubwa gani: wa kidole, wa ngumi, wa kiganja kilichofunguka? Pana joto au baridi? Pamebana, panachoma, panatetemeka, panavuta chini? Mipaka yake iko wapi? Papo vilevile muda wote au panabadilika? Ukiweza kusema "hapa chini ya koo pamebana, upana wa vidole viwili, pakavu, na panabana zaidi nikivuta pumzi," umefika.

Kosa linalowakamata karibu wote ni kutaja kisa wakidhani wametaja hisia. "Amenidharau" ni kisa. "Atanifukuza kazi" ni kisa kuhusu siku ambayo haijafika. "Masikio yanawaka na meno yamegusana" ndiyo hisia ilivyo mwilini. Tofauti hii ni ya vitendo kabisa: kisa hakina mwisho, utakirudia hadi alfajiri na kila marudio yatawasha moto upya, lakini mbano wa koo ukitazamwa bila kisa, huanza kubadilika wenyewe.

Utafiti nao umepita njia hii. Mwaka 2014 watafiti wa Finland wakiongozwa na Lauri Nummenmaa walichapisha ramani za mwili zilizochorwa na watu 701, kila mmoja akipaka rangi sehemu anakosikia hisia fulani. Hasira ilijaa kichwani, kifuani na mikononi. Huzuni ikazimisha miguu na mikono. Aibu ikawaka mashavuni. Watu wa Finland, Sweden na Taiwan walichora ramani zinazofanana sana. Na mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake, kule California, walionyesha kwamba mtu akiitaja hisia kwa jina, amigdala, ile sehemu ya ubongo inayopiga king'ora cha hatari, hupunguza kelele. Usizigeuze ramani hizo kuwa mtihani, lakini. Hofu yako ikikaa magotini badala ya kifuani, ifuate magotini.

Kwa mara za kwanza, dakika moja hadi tatu za kubaki pale zinatosha. Si sala ya kuvumilia maumivu.

Hatua ya pili: karibu

Ukiwa bado umeweka usikivu mahali pale, sema polepole, kwa sauti ya chini au moyoni: "Karibu, hasira." Au "Karibu, hofu." Kama hujui jina lake, sema "Karibu" peke yake. Unarudia kila baada ya pumzi mbili tatu, na kati ya neno na neno unarudi kusikiliza mwili.

Watu wa sala hushtuka hapa. Tumefundishwa kuikemea hofu, sasa tunaambiwa tuikaribishe? Cynthia Bourgeault, kasisi wa Kanisa la Kiepiskopali la Marekani ambaye ameieleza sala hii kwa kina, anaweka mpaka ambao kila mwalimu angepaswa kuuweka siku ya kwanza: unachokaribisha ni hisia iliyomo mwilini mwako sasa hivi, si jambo lililoileta. Mgonjwa wa saratani haikaribishi saratani. Anakaribisha hofu iliyomkaa tumboni leo asubuhi. Mwanamke anayepigwa hakaribishi kipigo wala mpigaji. Anakaribisha hofu yake, ili isimgandishe, kisha anafungasha na kwenda kwa wazazi, kwa mjumbe, au dawati la jinsia kituo cha polisi. Anayemwambia mke wa namna hiyo akae akaribishe, ameigeuza sala kuwa pingu, na asipewe watu wa kuwafundisha.

Kwa nini kukaribisha kunafanya kazi? Mwili unaopingana na hisia hukaza misuli: taya, mabega, kiwambo cha kupumulia. Kukaza huko nako ubongo hukusoma kama dalili ya hatari, basi unaongeza tahadhari. Hisia moja inakuwa mbili, ile ya kwanza na vita dhidi yake. Neno la kukaribisha linasitisha vita. Na kwa upande wa roho, fundisho ni kwamba Mungu hayupo jana wala kesho unakohangaikia, yupo katika dakika hii, ikiwemo sehemu ile ya mwili iliyobana. Ukiikimbia sehemu hiyo unakimbia pia chumba alichokuwekea miadi.

Tuone inavyokwenda. Chukua mama mmoja. Ni saa mbili usiku, amemaliza kuosha vyombo, anafungua simu anakuta kaka yake mkubwa ameandika kwenye kundi la ukoo: wengine mna kazi nzuri mjini lakini kwenye msiba wa baba mdogo mmetoa elfu ishirini. Hakutaja jina, lakini orodha ya michango ipo hapohapo juu, kila mtu anamjua aliyetoa elfu ishirini. Kidole gumba kimeshafika kwenye herufi.

Anaiweka simu kifudifudi. Anakaa. Pumzi tano. Anapita mwilini: taya zimekaza, masikio yanawaka, shingo ya nyuma imekakamaa, kifuani hakuna kikubwa, viganja vina joto. Taya ndizo zenye nguvu kuliko pote. Anabaki kwenye taya. Meno yamegusana upande wa kulia zaidi kuliko kushoto. "Karibu, hasira." Wazo linaruka: yeye mwenyewe mwaka juzi alitoa nini? Hicho ni kisa. Anarudi kwenye meno. "Karibu, hasira." Kama dakika mbili hivi, taya zinalegea kidogo, na bila kutarajia koo linabana na macho yanajaa machozi. Chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine. Anaziacha taya na kukifuata: koo, upana wa vidole viwili, kama donge. Anatambua ni aibu, kwa sababu alitoa elfu ishirini baada ya ada ya Januari kumaliza kila kitu, na hakutaka mtu ajue. "Karibu, aibu." Hapo analia kidogo, na si vibaya.

Angejibu dakika ile ya kwanza angejibu kwa hasira, jambo ambalo halikuwa lenyewe. Hili nimeligusia kwa makusudi: hisia inayojitokeza kwanza mara nyingi ni mlinzi wa geti. Hasira humlinda aibu, kero humlinda huzuni, na bidii ya kupita kiasi msibani humlinda mtu asikutane na kifo chenyewe. Ndiyo sababu unarudi na kurudi kati ya hatua ya kwanza na ya pili, na kila inayoibuka unaikaribisha kwa jina lake.

Tegemea pia kwamba mambo yatazidi kabla ya kupungua. Sekunde za mwanzo baada ya "karibu" mbano unaweza kuongezeka. Wengi huachia hapo wakidhani wamekosea. Ukikaa nao, kwa kawaida unafika kileleni na kuanza kushuka. Usiposhuka kabisa, soma sehemu ya matatizo hapo chini.

Hatua ya tatu: kuachia

Sasa ndiyo ile "mwachie Mungu" inapata mahali pake. Mbano ukishalegea, hata kama haukuisha, sema polepole:

Naachia shauku ya kuwa salama.
Naachia shauku ya kupendwa na kuthaminiwa.
Naachia shauku ya kutawala mambo.
Naachia shauku ya kuibadilisha hisia hii.
Naipokea dakika hii kama ilivyo.

Sentensi ya nne ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo ambayo watu huiruka. Bila hiyo, mtu amekaribisha hisia kwa masharti, akimtazama mgeni huku ameshika kitasa cha mlango.

Kati ya zile tatu za kwanza, moja itagoma kutoka mdomoni. Kwa mama yetu wa elfu ishirini ni ile ya kuthaminiwa. Iandike mahali. Ukiona ndani ya mwezi sentensi ileile inagoma kila mara, umejua ni hitaji lipi kati ya matatu ya Keating linalokuendesha, na hilo ni jambo la kumpelekea padri, mchungaji au mshauri wako.

Kuachia hapa si kuahidi milele. Kama sentensi inakuwa uongo, ongeza "kwa sasa". Naachia, kwa sasa, shauku ya kutawala mambo. Na kama hata hiyo haitoki, usiiseme. Maliza kwa hatua ya pili na uinuke. Sala haijaharibika. Yesu Gethsemane hakuanza na "mapenzi yako yatimizwe". Alianza kwa kuwaambia rafiki zake kwamba ana huzuni kiasi cha kufa, akaanguka kifudifudi, akaomba kikombe kimwondokee, na Luka anaandika juu ya jasho lililodondoka kama matone ya damu. Mwili ulishiriki, hisia ilisemwa, ombi liliombwa, kisha ndipo kujikabidhi kukaja. Tunaowataka wafiwa waanze na mwisho tunawadai kitu ambacho Bwana mwenyewe hakukifanya.

Inapokwama

Kufa ganzi ni kukwama kwa kawaida sana, hasa kwa wanaume waliolelewa kutolia. Mtu anapita vituo vyote kumi na hasikii chochote. Asibuni. Ganzi yenyewe ni hisia ya mwili: ina mahali, ina mipaka. "Kuanzia kifuani kwenda chini sisikii kitu" ni jibu sahihi, na "Karibu, ganzi" ni sala sahihi. Inasaidia kuanza na sehemu zenye neva nyingi za kugusa, yaani viganja, midomo na nyayo: sugua viganja sekunde ishirini, vitulize, sikiliza joto linavyopungua. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili kabla ya kwenda kutafuta huzuni kifuani.

Kinyume chake ni mafuriko. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi na za haraka, vidole na midomo vinachonyota, kichwa kinazunguka. Kuchonyota huko kunatokana na kuhema kupita kiasi, ambako hupunguza kaboni dayoksaidi katika damu. Kunatisha lakini kutapita pumzi ikipungua. Acha mara moja kutazama ndani. Fungua macho, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kanyaga sakafu kwa nguvu, nawa uso kwa maji baridi. Siku hiyo imekwisha. Ukirudi siku nyingine usiingie katikati ya maumivu. Kaa ukingoni, sekunde kumi kwenye mbano, kisha sekunde thelathini kwenye mahali palipotulia, labda viganja, kisha urudi tena.

Waliopitia vita, ubakaji, ajali mbaya au mauaji mbele ya macho yao wasianze sala hii peke yao wamefumba macho. Kwao mwili umehifadhi zaidi ya hisia, umehifadhi tukio zima. Wanyarwanda wana neno ihahamuka kwa hali inayowakamata baadhi ya manusura wa mauaji ya kimbari wakati wa kumbukumbu za Aprili, wanapoona na kusikia tena ya mwaka 1994 kana kwamba yanatokea sasa. Mtu wa namna hiyo anahitaji mtaalamu wa majeraha ya nafsi kwanza, na sala ije baadaye, akiwa na mtu kando yake.

Kuna tatizo jingine lisilopiga kelele: kuitumia sala kama dawa ya maumivu. "Karibu, hofu" ya mdomoni, na moyoni "haya, umeshakaribishwa, ondoka." Dalili yake ni kuangalia saa. Au kujipima baada ya kila neno: imepungua? Bado? Ukijikuta hapo, nenda moja kwa moja kwenye sentensi ya nne ya kuachia.

Na yupo mchambuzi. Amesoma kidogo saikolojia, na mara akigusa mbano wa kifua anaanza kueleza: hii ni kwa sababu mama alinipeleka bweni nikiwa darasa la tatu. Pengine ni kweli. Lakini maelezo yanampandisha kichwani, na mbano unabaki kifuani bila mwenyeji. Yaandike baada ya sala.

Kabla ya kuipa roho kila kitu, angalia mwili kama mwili. Maumivu ya kifua yanayogandamiza na kusambaa kwenye mkono, shingo au taya, pamoja na jasho jembamba na kukosa pumzi, ni ya hospitali sasa hivi, usikae ukikaribisha. Mwenye kisukari anayetumia insulini akisikia kutetemeka, jasho na woga wa ghafla, apime sukari kwanza, kwa maana sukari ikishuka huja na sura ya hofu kabisa. Kahawa tatu na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu nazo zinatosha kuzalisha moyo kwenda mbio. Na huzuni isiyoondoka wiki mbili mfululizo, usingizi umeharibika, chakula hakiliki, au mawazo ya kujidhuru yanakuja: hayo ni ya kituo cha afya, na mtu aambiwe leo, si baada ya kumaliza novena, sala ya siku tisa.

Ratiba

Sala hii ni ya papo kwa papo, lakini inaota kwenye udongo wa ukimya wa kila siku. Keating alipendekeza dakika 20 mara mbili kwa siku: unakaa, unachagua neno moja fupi takatifu kama "Baba" au "Amani", na kila unapojikuta umechukuliwa na wazo unarudi kwenye neno hilo bila kujigombeza. Nyumba yenye watoto wadogo haina dakika 20 mbili. Dakika kumi alfajiri kabla nyumba haijaamka ni bora kuliko mpango mzuri usiotekelezwa.

Jifunzie kwenye mambo madogo. Umeme wa LUKU umekatika katikati ya kupiga pasi: pasi mkononi, sikiliza mabega, karibu, kero. Foleni benki haisogei: nyayo, taya, karibu. Mambo haya ni sekunde thelathini tu na hakuna anayekuona. Anayeanza sala hii siku ya msiba mkubwa ni sawa na anayejifunza kuogelea siku mashua imezama, na bado nitamwambia ajaribu, lakini hatua ya kwanza peke yake, dakika moja, na mtu amshike mkono.

Wasomaji Waislamu watakumbuka hadithi inayomwelekeza mwenye hasira, akiwa amesimama aketi, na isipomtoka alale. Ipo katika mkusanyo wa Abu Dawud. Mwili kwanza, hapo pia. Maneno ya hatua ya pili na ya tatu kila mmoja atayapata katika dini yake, na sioni sababu ya kumlazimisha mtu haya ya Wakatoliki wa Marekani.

Neno la mwisho la vitendo ni la usiku, kwa sababu ndipo wengi wanapoitafuta. Umeshtuka saa tisa, kodi ya nyumba imebaki siku nne na fedha hakuna. Usifanyie sala hii kitandani ukiwa umelala chali; gizani, mgongo ukiwa chini, kisa hushinda mwili karibu kila mara. Inuka ukae ukingoni, nyayo sakafuni, washa taa ndogo. Fanya hatua ya kwanza na ya pili, dakika tano, na uiache ya tatu mpaka asubuhi. Saa tisa usiku hakuna anayeachia shauku ya usalama kwa ukweli, na kujilazimisha kutakuamsha zaidi. Kisha andika kwenye karatasi jambo moja la kufanya kukicha, kwa mfano kumpigia mwenye nyumba kabla ya saa mbili kumwomba wiki moja. Jambo moja, si matano. Rudi kitandani. Usingizi usipokuja baada ya dakika 20, inuka tena, kaa palepale, anza na nyayo.